Majina Uliyoyaweka Jikoni, Mama

Kwako Mama,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya jikoni hapa mtaa wa Fedha, mgongo wangu ukutani na uso wangu mlangoni. Zamani sikuwa nakaa hivi. Wewe ndiye uliyekaa hivi mwaka wako wa mwisho, nami nilikucheka, nikakuuliza kama unamngoja bwana harusi. Hukucheka. Ulisogeza kiti, ukaendelea kutazama mlango.

Miaka yote ya utoto wangu niliijua kazi yako kwa harufu tu. Ulikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kiwanda kule Industrial Area, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, na kila jioni ulirudi na harufu ya chuma kilichoungua ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuitoa kwenye sare yako. Vibarua wengi wa pale walikaa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, ng'ambo tu ya ukuta wa kiwanda. Walikuita Sista. Jumapili kanisani walikusalimia kwa mikono miwili, nami nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Mambo yalianza na kitabu. Jumatatu moja ulifika kazini ukakuta kitabu cha wagonjwa kimeondolewa mezani na kipya kimewekwa mahali pake. Ulipouliza, Bwana Kisia, ofisa wa wafanyakazi, alikujibu kwa ile sauti yake ya upole, "Kile kilijaa, Sista."

Ulinisimulia ukimenya viazi, bila kuinua macho. "Nusu ya kurasa zilikuwa hazijaandikwa," ulisema. "Nusu nzima, Nekesa."

Katika kitabu hicho ulikuwa umeandika wanaume waliojikunja kwa maumivu ya tumbo, wengine viganja vikining'inia kama vya mtu aliyelalia mkono, na kwenye fizi zao mstari mwembamba wa buluu. Ulijua ni nini. Ni madini ya risasi, yaliyokuwa yakiingia mwilini kwa moshi wa tanuri. Kila mwezi ulimwandikia meneja barua, na kila mwezi ukanyamaziwa.

Basi ukaanza upya. Jumamosi asubuhi walikuja hapa nyumbani mmoja mmoja, ukawapima, ukawaandika kwenye madaftari ya shule. Wa kwanza alikuwa Wafula, yule mrefu wa Bungoma aliyebeba betri kuzipeleka kwenye tanuri. Aliinamisha kichwa kupita mlangoni, akaomba radhi kwa viatu vyake. Baada ya miezi michache uliyatazama madaftari yale yaliyopangwa juu ya kabati, ukaniambia, "Karatasi inaungua. Nataka kitu ambacho mtu hawezi kukiondoa mezani."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa kompyuta kwenye ofisi ndogo mjini. Ofisini walikuwa wanatupa mashine mbili kuukuu, wakanipa. Moja, yenye skrini, niliiweka chumbani kwako ili uandikie. Ya pili ingekuwa ghala la kuhifadhia faili, seva, na haikuhitaji skrini wala kibodi. Niliisukuma chini ya rafu ya jikoni, nyuma ya gunia la unga, nikapitisha waya ukutani kutoka chumbani hadi pale.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua mfumo wa kuiendesha. Nilikuwa na sidii mbili zilizokuja ndani ya magazeti ya ng'ambo, moja ya Linux na nyingine ya FreeBSD. Zote za bure, zote za wazi. Mimi nilitaka Linux. Ofisini kila mtu aliisifu, na ilikuwa na kasi. Nilikueleza kama mtu anayeuza kitambaa sokoni, nawe ukaniacha nimalize.

"Ni ya nani?" uliuliza.

"Si ya mtu mmoja, Mama. Walioitengeneza wameweka wazi maandishi yake yote. Yeyote anaweza kuyasoma na kuyarekebisha."

"Kwa hiyo hakuna bwana mkubwa wa kupigiwa simu aambiwe aizime?"

"Hakuna."

Ulitikisa kichwa kukubali, kisha ukasita. "Lakini ikiwa wazi, siri za watu hazitatoka?"

"Kilicho wazi ni jinsi ilivyoundwa. Ni kama kufuli ambalo kila fundi anajua linavyofanya kazi. Ufunguo unabaki na wewe."

"Na stima ikipotea?"

Hapo nilianza kukupa maneno mengi, nawe ulijua maana ya maneno yangu mengi. Ukasema, "Ijaribu mbele yangu."

Jumapili ile ulirudi kutoka kanisani, ukakaa kwenye kigoda kabla hata hujafungua kitambaa cha kichwa. Uliandika kurasa za majina ya uongo, kisha ukashika plagi ya seva.

"Subiri kidogo, Mama, bado inahifadhi."

Ulichomoa. "Stima haitakuuliza kama uko tayari," ulisema.

Ulichomoa mara saba. Linux iliamka haraka kila mara, lakini kwenye mashine yetu ile iliyochoka, kurasa za mwisho zilipotea, na nyingine nilizikuta vipandevipande kwenye folda, hazina majina. Sisemi ni mfumo mbaya. Ofisini tuliutegemea na haukutuangusha, na pengine fundi aliyenizidi angeurekebisha. Jumapili iliyofuata niliweka FreeBSD. Ilikuwa nzito. Kila ukurasa ulipohifadhiwa diski ilisagasaga, nami nikaona aibu. Ulichomoa mara saba tena. Ilichelewa kuamka, ikajikagua, na kila ukurasa uliokwisha kuuhifadhi ulikuwapo.

"Hii ya polepole," uliamua. "Hii haisemi imeandika kabla haijaandika."

Kisha ukanitazama usoni. "Wewe ndiye fundi wake. Unaweza kufungua kila kitu humo?"

"Naweza."

"Basi niahidi hutafungua. Ni wagonjwa wangu, si wako."

Niliahidi. Miezi minne nilikuwa nikiipita mashine ile nikienda kuchota unga, naisikia ikinguruma taratibu nyuma ya gunia, na sikufungua hata ukurasa mmoja.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, Bwana Kisia alibisha hodi. Alikuja na mkate na sukari kama mgeni yeyote mwema. Aliketi kwenye kochi, akasifu mapazia yako, akauliza habari za nyumbani Kakamega. Halafu macho yake yakaukuta waya ukutani.

"Nasikia binti yako ni mtu wa kompyuta," alisema.

"Anajaribu."

"Na wewe unaitumia kwa nini, Sista?"

"Nyimbo za kwaya," ulijibu. "Nazipiga chapa."

Alitabasamu. Aliufuata waya kwa macho hadi mlango wa chumba chako, akarudi nao pole pole hadi alipogota kwenye pazia la jikoni. "Zahanati ni ya kiwanda," alisema. "Hata wagonjwa wake." Chai aliiacha kama ilivyomiminwa. Alipoondoka ulisimama dirishani mpaka gari lake lilipokata kona, kisha ukauchukua ule mkate ukautupa, wewe ambaye hukuwahi kutupa chakula.

Wiki hiyo Wafula hakuja. Wala iliyofuata. Ulinituma Mukuru kwa Reuben nikamwulizie. Nilimkuta mkewe anakunja godoro, vyombo vimefungwa kwenye shuka tayari kwa safari.

"Alituacha Jumatano," aliniambia. "Watu wa kazini walileta karatasi niweke sahihi. Wanasema kilichomuua ni malaria."

"Uliweka?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama anapumua. "Ningefanya nini, dada yangu?"

Nilikuletea habari hiyo. Uliingia chumbani, nikasikia kibodi ikigonga, na kule jikoni diski ikasaga.

Alhamisi iliyofuata walikuja. Wewe ulikuwa kazini, mimi mjini. Mama Awuor, jirani yetu, aliwaona adhuhuri wanaume wawili wenye ovaroli, wakamwambia ni mafundi wa stima. Walizima swichi kubwa, wakaingia. Walichukua mashine ya chumbani, diski ndogo zote, na madaftari yote hadi la mapishi. Jikoni walimwaga sukari na kupekua masufuria. Seva hawakuigusa. Nadhani walitafuta kitu chenye skrini, wakaona bati la vumbi nyuma ya unga wakalidharau. Lakini stima ilikuwa imekatwa ghafla, na asubuhi hiyo kabla ya kwenda kazini ulikuwa umeandika.

Ijumaa niliazima skrini na kibodi ofisini nikaja navyo asubuhi. Ulikaa kwenye kigoda chako, umeshika upindo wa aproni. Niliwasha. Maandishi meupe yakaanza kupanda, mashine ikijikagua sehemu kwa sehemu. Nilisikia pumzi yako. Iliposimama na kuniomba jina, nilikuambia, "Iko salama."

"Fungua faili moja moja. Hakikisha."

"Mama, niliahidi."

"Nakuondolea ahadi. Fungua." Ukainuka, ukaenda kusimama nje mlangoni.

Nilifungua la Wafula, nikasoma mstari wa mwisho uliouandika siku ile nilipokuletea habari: mkewe amelazimishwa kukubali malaria. Nikafungua mengine, majina ya watu niliowasalimia kanisani miaka yote. Nikafikia faili la mwisho. Halikuwa na jina. *Muuguzi wa zahanati, mwanamke, miaka hamsini na mmoja. Maumivu ya tumbo, miezi minane. Kiganja cha kulia hakishiki kalamu vizuri. Mstari kwenye fizi.*

Nilikufuata mlangoni. Ulikuwa umenipa mgongo.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Umesoma tangu lini."

"Kwa nini hukuacha kazi?"

"Ningeacha, nani angewaona?" Uligeuka, ukafungua mdomo mbele yangu kama mtoto anayemwonyesha mama jino, nami nikauona mstari ule kwa macho yangu. Nadhani ulishindwa kuniambia kwa mdomo, ukaiachia mashine.

Ulikaa nasi miezi mitano baada ya hapo. Figo zilichoka kwanza. Katika miezi hiyo tulitoa nakala za faili, mchungaji wetu akapata ya kwake, wakili mmoja mjini ya kwake. Mkaguzi wa serikali alikuja kiwandani, tanuri likazimwa kwa majuma kadhaa, na wewe kitandani uliniomba nifungue dirisha uvute hewa isiyo na harufu ile. Ulituacha ukidhani tanuri limezimwa kabisa. Niliogopa kukuambia kwamba asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeona moshi. Lango limepakwa rangi na kiwanda kimepewa jina jipya, lakini tanuri ni lilelile, na kesi ya wakili inaahirishwa kila inapotajwa.

Watu bado wanakuja Jumamosi. Mimi si muuguzi, ninaandika tu wanachonieleza, kwenye mashine nyingine niliyoiunganisha kwa waya uleule, na daktari rafiki wa mchungaji anapita kuwapima. Huwa nauliza jina, umri, kazi, kisha nasema fungua mdomo, kama ulivyokuwa ukisema.

Jumamosi iliyopita alikuja Bwana Kisia. Hakubeba kitu. Amekonda, shati limemlegea shingoni. Nilisimama katikati ya mlango, nikidhani ameleta wenzake, lakini ngazi zilikuwa tupu.

"Wewe ndiye unayeandika sasa," alisema. Sauti ni ileile ya upole.

"Unataka nini?"

"Ofisi yangu iko juu ya tanuri, Nekesa. Miaka tisa." Akafungua mdomo.

Alikuwa nao, Mama. Mwembamba, wa buluu, chini ya meno.

Nilimkaribisha. Nilimwuliza maswali yote, naye akajibu kwa unyenyekevu kama wengine. Lakini kila nilipoinua macho kutoka kwenye kibodi nilimkuta hatazami skrini. Alikuwa anaufuata waya. Safari hii aliufuata hadi mwisho, hadi chini ya rafu, na macho yake yakatulia pale muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Alipoaga alinishika mkono kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo nimepima kila jambo. Anaumwa, hilo si la kuigiza. Lakini mtu mgonjwa anaweza pia kutumwa. Mchungaji ananiambia nifute faili lake kabla halijatuletea balaa. Nilikaa mbele ya mashine jana mchana mzima, kidole juu ya kibodi, nikitamani uje uniambie la kufanya. Hukuja. Nikafungua faili lake, nikasoma upya alichonieleza, nikaongeza jina lake kamili na cheo chake, nikalihifadhi. Diski ilisaga taratibu hadi ikamaliza.

Leo nje kuna gari nisilolijua. Limeegeshwa mbele ya duka lililo mkabala na nyumba yetu tangu saa nne asubuhi, na aliyemo hajashuka.

Kaa huko kwa amani, Mama. Huku zamu ni yangu.

Binti yako,
Nekesa