Mbuzi Waliochelewa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Binti yangu Nzisa ametuweka wote kwenye kikundi cha WhatsApp. Jina: "Ntheo ya Nzisa". Kuna picha yake na mchumba wake Bonface wakicheka, maua pembeni, na tarehe ambayo watu wa Bonface watatuletea mbuzi hapa Kangundo — Jumamosi ya wiki ijayo. Kufika jioni simu imekuwa moto kwa ujumbe. Shangazi ambaye hajanisalimia tangu Krismasi ametuma maombi na video ya paka.

Enzi zetu habari iliandikwa kwa karatasi, unampa makanga wa basi, ikifika imefika. Muindi, baba Nzisa, alinitongoza kwa kadi za salamu za redio. Jina langu likisomwa, nyumba nzima inanigeukia! Siku hizi mapenzi ni emoji tu.

Halafu kaka yangu Titus, yuko kwa mama kule Katangi, akaandika mbele ya wote: Muindi atapokeaje mbuzi wa binti, na wa mama ya huyo binti hakuwahi kuwaleta?

Maombi yakakoma. Hata paka hakuna.

Jumanne, 5 Agosti

Titus hajasema uongo. Miaka ishirini na nane na Muindi, watoto, nyumba ya matofali — na mbuzi wangu watatu wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kimila, hawajafika kwa mama. Kwanza hali ilikuwa ngumu, halafu karo, halafu ikawa aibu hata kulitaja jambo hilo. Kwetu Wakamba, bila mbuzi hao mimi si mke wa mtu. Nzisa mwenyewe anahesabiwa ni wa kwa mama yangu. Muindi hawezi kugusa ntheo yake kabla ya kupeleka yangu.

Naogopa. Mtoto asije akaharibikiwa siku yake kwa sababu yetu.

Jumatano, 6 Agosti

Muindi amepata dawa! Atamtumia Titus pesa za mbuzi kwa simu, mambo yaishe. "Siku hizi kila kitu ni dijitali, mama Nzisa." Ndio shida ya kuolewa na fundi wa simu, anadhani dunia yote ni ya kubofya.

Titus amezirudisha kabla chai haijapoa. Amesema mbuzi wa ntheo huja na miguu yao, na mwenye kuwaleta aonekane.

Nilimkasirikia. Baadaye, nikiosha vyombo, nikaona kumbe nimefurahi. Ningejiona nimenunuliwa kama bando.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana Muindi alikula, akalala na redio sikioni. Leo hakufungua kibanda chake. Ameenda sokoni.

Kabla ya mchana picha zikaanza kuingia. Mbuzi kwa mbele. Mbuzi kwa nyuma. Mbuzi na Hared, yule muuzaji, anacheka. "Huyu je?" Nikamwandikia kwamba mbuzi hapimwi kwa picha, amshike mgongo.

Akanitumia sauti, mbuzi wanalia nyuma yake: "Nimeshika. Niko na wote watatu. Jumamosi nawapeleka mimi mwenyewe."

Nimeisikiliza tena na tena. Mzigo ulivyonishuka! Sikujua nilikuwa nimeubeba muda wote huo.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameondoka asubuhi na pikapu ya kuazima. Muindi na koti la kanisani, mbuzi watatu, na Nzisa wa kushika simu ili nione. Mimi nimekatazwa kwenda. Titus anasema nikiwa huko nitamtetea.

Video imeingia wakifika. Geti la mama, limepakwa rangi mpya. Titus anapapasa mbuzi mmoja mmoja. Halafu picha ikaganda — Muindi mdomo wazi, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nimezunguka uani nimeinua simu juu, kuku wananishangaa.

Imerudi. Mama, ambaye Nzisa humwita susu, ametoka na fimbo yake. Amewatazama mbuzi tu. Akasema wapewe maji, wametoka mbali. Geti likafunguliwa na mbuzi wakaingia.

Wameingia! Nimekaa chini kwenye nyasi nikalia, nikacheka. Nimekuwa mke wa mtu, na mvi kichwani. Sasa Nzisa wangu hana wa kumzuia.

Kisha geti likafungwa. Muindi yuko nje. Amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

Nzisa amenong'ona: "Mum, ongea na susu. Jua ni kali huku, na anakataa kumfungulia."

Sauti ya mama imesikika kutoka ndani, hata haikuhitaji simu: "Asimame kidogo. Sisi tumesimama hapa miaka mingi, na hatukufa."

Nimerudi jikoni, nimeegemeza simu kwenye kopo la sukari. Kutoka hapa namwona vizuri. Hajaenda kukaa kwenye pikapu. Hajaegemea ukuta.

Nzisa ananiita tena. "Mum? Unasikia?"

Nasikia. Nimepunguza sauti, nimeongeza maziwa kwenye chai.