Picha ya Kaakaa la Wangeci

Jumanne jioni.

Sijui kesho nitamtazamaje Wangeci nikimsuka nywele.

Leo, hospitalini Nyeri mjini, binti yangu wa miaka saba, aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka likashonwa akiwa mchanga, na ambaye bado huongea kwa puani, alilala ndani ya mashine ya MRI bila kulia. Daktari alimwambia kwa kipaza sauti aseme "papa", "kaka", "pipi". Akasema yote, tena na tena.

Kisha daktari akaniita nione picha. Kila Wangeci alipotamka, ile nyama laini iliyo mwisho wa kaakaa ilipanda, lakini haikufika nyuma ya koo. Hewa ikatorokea puani.

"Ona vile anajikaza, mama," daktari akasema. "Ni fupi tu. Hata afanye mazoezi mwaka mzima, haiwezi kufika. Itabidi afanyiwe upasuaji mwingine, zaidi ya ule wa utotoni."

Sikumwambia kwamba mimi, mwalimu mzima, nimekuwa nikimbana mtoto pua na kumwambia aache uvivu. Wala kwamba Jumapili nilimwomba mwalimu wa watoto kanisani mstari wa Biblia aliopangiwa kusoma apewe mtoto mwingine, kwa sababu niliona haya watu wamsikie.

Alipotoka aliniuliza, "Mami, nimesema poa?"

"Umesema poa sana. Wewe si mvivu. Mimi ndiye nilikosea."

Akanitazama. "Basi ambia ticha wa kanisa."

Kumbe alijua kuhusu ule mstari.

Nimempigia mwalimu huyo simu na kumwambia ukweli wote. Wangeci atasoma Jumapili ijayo, na nitaketi mbele, mahali watu wataniona.