Vikombe Visivyo na Mikono

Mjukuu wangu Mwende,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, nami nakuambia wewe uliye mbali huko Kitui. Ukoo umenifanya babu yako nikiwa kidato cha tatu, kwa hiyo usinicheke. Nyanya yako, yaani dada yangu, hajambo, kikohozi kimeisha.

Umeuliza mbona nimeacha ufinyanzi. Mama Akoth wa mtaa wetu wa Laini Saba ndiye aliyenifunza kubandika mkono wa kikombe: unakwaruza pande zote mbili, unapaka uji wa udongo, unabana. Wakati wa fujo za uchaguzi, vijana waliokuwa wakiwasaka watu wa kabila lake walinisimamisha mlangoni pake.

"We msomi, unamjua huyu mathe?"

"Zii, simjui," nikajibu, na udongo wake ulikuwa bado mikononi mwangu. Yeye alikuwa ndani. Siku hiyo hiyo alikimbilia Kawangware, nami sikujua kama alinisikia.

Alirudi juzi. Vikombe vyetu vilikuwa vimekauka kabla ya kuwekwa mikono.

"Haitashika tena," alisema. "Vivunje, uviloweke. Udongo ambao haujachomwa hurudi."

Nilipofika hapa katika barua hii niliweka kalamu chini, nikaenda kumwambia kuwa nilimkana.

"Nilikusikia," alisema, akiendelea kukanda udongo wa vile vikombe. Kisha akaukata ule udongo katikati kwa uzi, akanisukumia nusu. Nikakunja mikono ya shati, nikakanda.

Babu yako,
Mutua