Mama Kassiani Ananiuliza Kama Nilimwona Mwanawe Huko

Shangazi Josefina, shikamoo. Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu, naishi na mama na mjomba huku Mpimbwe, na kipindi chako tunakisikiliza kwenye redio ya mjomba tukiwa tunachambua mboga. Nakuandikia nikiwa mzima, nimekula na nimeoga, na jambo hilo peke yake namshukuru Mungu kila ninapoamka, lakini kuna neno limenikaa kooni na sijui nilimeze au nilitoe, naomba unisaidie.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa bado nyingi, niliugua malaria ikapanda kichwani, nikawa sitambui mtu, na mjomba Gaspar akanipakia kwenye pikipiki kunipeleka kituo cha afya, na kwa kuwa sikuweza kujishika ilibidi mtu akae nyuma yangu anishikilie, na aliyejitolea ni jirani yetu Mama Kassiani, ambaye mwezi wa kwanza alimzika mwanawe huyo Kassiani, mtoto wa miaka tisa, aliyeumwa na nyoka shambani akiwa ametumwa kuamia ndege wasile mbegu za mpunga. Ya njiani mimi sikuyaona, nimesimuliwa. Wanasema tulipofika kwenye tope la mtoni nililegea, macho yakageuka, mjomba akasimamisha pikipiki, akanigusa pua, akanigusa kifua, akasema, "Mama Kassi, mtoto amekwisha," akapiga simu nyumbani palepale huku analia, halafu akataka kugeuza. Mama Kassiani akamkemea, "Endesha!" Mjomba akasema, "Dada, tunampelekea daktari maiti ili iweje?" Akajibu, "Maiti nimeibeba mwezi wa kwanza kwa mikono hii, najua uzito wake. Huyu niliyemshika ni mtu. Endesha, Gaspar!" Mjomba akaendesha, na mimi ndiye huyu ninayekuandikia.

Nyumbani nako walikuwa wameshaanza kilio, na kwetu kilio kikisikika watu hawaji mikono mitupu, kwa hiyo kabla simu ya pili haijafika kusema napumua, uani kulikuwa kumejaa kuni na unga na maharage na mchele, na akina mama wakakataa kurudi navyo kwa sababu chakula kilichoingia msibani hakirudi kilikotoka. Basi niliporuhusiwa kutoka wakakipika chote, nami nikala chakula cha matanga yangu mwenyewe, Shangazi, sahani mbili. Mzee Erasmus, ambaye ni mtani wetu, akasimama katikati ya watu akasema, "Dafrosa, mimi nimelia mpaka sauti imekauka. Kama hukuwa na nia ya kufa, nyie watu wa nyumba hii nirudishieni machozi yangu!" Watu walicheka, mama yangu alicheka mpaka akapiga magoti, na mimi nikafikiri moyoni kwamba wengi hupikiwa hivi na hawapati kuonja.

Sasa siku ileile nilisimulia nilichokiona wakati nimelegea. Niliona majaruba ya mpunga ulioiva hadi macho yanapoishia, hakuna vumbi wala tope, na bibi yangu Tereza, aliyefariki nikiwa darasa la tano, anaanika mpunga kwenye mkeka. Nilikuwa na suke mkononi, nikataka kumpa. Akalichukua akaliminya kwa kucha, likatoa maji meupe, akaniambia kwa Kipimbwe chake kilekile cha kunifokea, "Mpunga wako bado una maziwa. Nani amekutuma uvune? Rudi nyumbani." Pembeni yake kulikuwa na dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, na juu yake watoto wengi wamekaa wamenipa mgongo, wananing'iniza miguu na kucheka, hawana manati wala kopo la kugonga, kwa sababu hapakuwa na ndege hata mmoja. Kisha nikasikia uchungu wa sindano.

Wote walishangilia, isipokuwa Mama Kassiani, ambaye aliweka sahani chini. Watu walipoondoka akanishika mkono akauliza, "Binti yangu, Kassi alikuwa mmoja wao? Alivaa shati gani?" Nikamwambia sikuona nyuso. Kesho yake akaja tena akasema, "Fikiria vizuri, ana kovu kisogoni," na tangu hapo hajaacha kuja. Jembe hajalishika tangu azike, na sasa mpunga wake umeiva kwa rehema tu, umechanganyika na nyasi na umeanza kupukutika, kwa sababu anasema hawezi kukanyaga shamba alilomtuma mtoto. Baada ya mavuno watasimika msalaba kaburini kwa Kassiani, jumuiya nzima itakuwepo, na ameniomba siku hiyo nisimame niseme nilimwona.

Mama yangu ananiambia, "Mtu amekurudishia roho, wewe unamnyima neno moja? Sema ndiyo, mwanangu, itakugharimu nini?" Mwalimu wangu wa baiolojia nilipomuuliza alisema kwa upole kwamba ubongo ukikosa hewa humwonyesha mtu picha, na kwamba ingefaa niwaeleze watu hivyo. Mimi naamini bibi alinirudisha, lakini wakati mwingine naogopa kwamba labda homa ilichukua msiba wa Kassi ikauchanganya na mambo yangu. Kovu sikuliona, wala siwezi kuapa kwamba halikuwepo. Siku hizi nikimwona anakuja napitia nyuma ya mashine ya kukoboa, na naona aibu, kwa sababu nampenda sana. Je, nikisema nilimwona, nitakuwa nimemshukuru au nimemkosea?

Ni mimi Dafrosa.

JIBU LA SHANGAZI JOSEFINA

Marahaba, Dafrosa, na karibu tena duniani. Kwa mzee Erasmus nimecheka, kwa Mama Kassiani nimetafuta leso.

Lakini nitakugombeza, na shikamoo yako nzuri haitakuokoa. Mtu aliyekukumbatia kwenye tope wewe unamkimbia kwa njia ya mashine? Yeye hajui kwamba unampenda. Anachojua ni kwamba binti aliyetoka huko anamkwepa, na mama aliyefiwa akikwepwa huanza kudhani umeona jambo baya ukamficha. Hilo ulilifikiria? Acha njia ya mashine, kuanzia leo.

Na usiseme ulimwona. Mama yako ana shukrani imemjaa, na shukrani ikijaa sana hutafuta cha kutoa hata kisichokuwa chake. Amekudanganya kwa upendo kwamba ni neno moja. Halitabaki moja. Utaulizwa alivaa nini, utaulizwa kama alikuwa amenenepa, utaulizwa kama alimtaja mama yake. Mwakani utakuwa unamlea Kassiani mwingine kwa maneno yako, na yule wa kweli, mwenye kovu kisogoni, atakuwa amezikwa mara ya pili.

Habari ya mwalimu na bibi, mimi si padri wala daktari. Mwalimu anajua ubongo, na hakukudharau, mheshimu. Ila hata yeye hawezi kukuambia kwa nini, katika picha zote ulizo nazo kichwani, ilikuja ya bibi anayekufokea urudi nyumbani. Wewe unaamini alikurudisha. Basi amini, na hofu yako ikija iache ipite kama wageni wengine. Huna haja ya kumshinda mtu yeyote kwa hoja ndipo uruhusiwe kushukuru. Na kaburini kwa mtoto si mahali pa somo la baiolojia.

Sasa hebu rudi kwenye lile tope la mtoni. Mjomba alikuwa ameshakubali umekufa. Simu imeshapigwa, kuni ziko uani, machozi ya mzee Erasmus yameshamwagika. Rahisi kwa Mama Kassiani ilikuwa kulia pamoja na wenzake. Alikataa kusema kitu ambacho mikono yake haikukishika. Hivyo ndivyo ulivyopona, binti yangu. Halafu mwanamke wa namna hiyo unataka kumshukuru kwa kusema kitu ambacho macho yako hayakukiona?

Usingoje siku ya msalaba. Jumamosi hii chukua mundu, mchukue na mjomba Gaspar, aliyetaka kugeuza pikipiki, naye ana jasho la kutoa. Mpeni taarifa mapema Mama Kassiani kwamba mnaenda kumvunia, kisha nendeni shambani kwake muanze kukata. Msimvute kwa mkono. Nawajua wakulima wa mpunga, atakaa ndani mpaka atakaposikia Gaspar anakata vibaya, kisha atakuja mwenyewe kuwafundisha. Akija hata ukingoni tu, mwache mjomba aendelee na kazi, wewe nenda ukakae naye. Mwambie, "Mama, watoto niliwaona kwa nyuma. Kovu sikuliona. Kama Kassi alikuwepo, mimi sijui." Atalia. Usikimbie, na usiongeze neno la kumnyamazisha. Mshike kama alivyokushika.

Siku ya kusimika msalaba, simama, sikukatazi. Simulia alichokifanya mama huyu mtoni, miezi mitatu tu baada ya kumzika wake, mpaka watu wa jumuiya waelewe wanaishi na nani. Hilo halihitaji kuapa, Gaspar alikuwepo na anaona aibu mpaka leo. Na mama yako nitamjibu hapahapa: mama Dafrosa, binti yako hamnyimi jirani kitu. Wewe mpikie.

Limebaki moja, ambalo uliliandika ukalipita haraka kama halina thamani. Mama Kassiani anakuuliza shati, lakini si shati linalomzuia kukanyaga shamba. Alimtuma mtoto akafukuze ndege, na tangu siku ile anasikia kopo likigongwa. Wewe uliwaona watoto juu ya dungu mikono mitupu, wananing'iniza miguu, wanacheka, na hapakuwa na ndege hata mmoja. Iwe ni homa, iwe ni Mungu, hilo uliliona.

Hilo mwambie.