Mlango Ulioangalia Barabara

Nassor, yakhe,

Salaam nyingi. Kabla hujauliza hali yangu, nikwambie kwamba mwenye bahati kuliko wote katika Maskati hii sasa ni mie. Kile kibanda chako cha mlimani, kule nyuma ya Al Amerat, nimepewa mie. Ufunguo uko mfukoni mwa kanzu, unanichoma paja hapa nnapoandika. Watu wa mtaani kwangu Al Khuwair wote nshawambia. Nshamwambia muuza mkate, nshamwambia na daktari wa meno, ambaye hata hakuniuliza, tena mkono wake ulikuwa ndani ya kinywa changu.

Wanao, kama unavyowajua, wao na baridi ya mlimani mbali mbali. Ilibidi mkeo Bi Rayya achague mtu wa kukitunza. Tulikuwa wawili tu: mie, rafiki yako tangu skuli, hiyo skuli niliyoikimbia darasa la tano, na Josefu, yule seremala Mkenya wa karakana ya mtaa wa Ghala. Sasa niambie. Mtu aliyewaendesha wakubwa mpaka Dubai na Kuwait, aliyekula sahani moja na watu wa mataifa saba, atashindwa na mtu anayenuka gundi ya mbao?

Mwaka huu mvua imekuwa nzuri. Bondeni maji yanapita, na majani yametoka hata kwenye yale mawe yako uliyosema hayafai kitu. Mbuzi watatu wamezaa. Asubuhi bado kuna baridi, unakunywa chai na blanketi begani mpaka jua liuvuke mlima. Ndio wakati wako ule, wiki hizi chache kabla joto halijatufukuza. Nilipoona majani yale nikageuka nikwambie. Hukuwepo. Nikamwambia mbuzi.

Lakini nna neno na wewe, na usijifanye umelala.

Khitma yako ilipokwisha nilipanda huko peke yangu. Nilimkuta Josefu ameung'oa mlango. Ameuegemeza ukutani kama mgonjwa, na ametoboa ukuta upande wa pili, upande wa mlima. Nassor, ule mlango ni wangu. Siku tunajenga wewe ulikuwa unapanga mawe, Josefu anapiga randa, na mie nimekaa kwenye kiti cha plastiki na sufuria ya biriani, naongoza kazi. Nilisema mlango uangalie barabara, tumwone kila anayepanda na yeye atuone tulivyokaa. Wewe ulitazama juu, ukatazama chini. Ukasema, "Haya Khamis, huo mlango wako." Miaka miwili nimewasimulia watu juu ya mlango ule.

Nikamuuliza Josefu nani kamwambia auguse. Akafuta mikono kwa suruali, taratibu, unavyomjua. "Ni mzee mwenyewe, Bwana Khamis. Upepo ulikuwa unaingiza mchanga kila siku. Asubuhi anazoa karai zima. Akasema tungoje baridi ipungue ndio tuugeuze. Na akasema wewe usiambiwe, utaumia."

Karai zima.

Na mie kila Ijumaa nikifika baada ya sala nakukuta na ufagio mkononi, nakutania: "Umekuwa bi harusi weye, kila nikija unafagia." Unacheka. Ulikuwa unacheka na mchanga wangu miguuni mwako.

Sasa nikwambie kweli, wivu umenishika vibaya. Simwonei wivu kwa kuwa anajua kazi, hiyo ni riziki yake. Namwonea wivu kwa zile Alkhamisi. Yeye alikuwa akipanda Alkhamisi jioni akitoka kazini, mie nafika kesho yake. Saa zile mlikuwa mnazungumza nini? Josefu anajua goti lako lipi lilikuwa bovu. Mie sikujua kama una goti bovu. Anajua ulivyoogopa kwenda hospitali. Anajua jina alilokuwa akikuita mama yako mlipokuwa Unguja, jina ambalo miaka yote hii mie hukunipa. Mie ulinipa vicheko, ukanikaribisha, ukanipa mto mzuri, ukanambia mlango mzuri. Yeye umemwambia kuwa mlango mbovu.

Wiki nzima sikumpigia simu. Nilikuwa nikipita Ghala natazama upande wa pili, mpaka siku moja nusura nimgonge mtu wa matairi.

Bi Rayya alituita sote wawili kwake Al Amerat. Ufunguo uko mezani, kando ya kahawa. Akaniambia, "Shemegi, Nassor alikuwa akisema kila mara: Khamis apenda kuwa mgeni, mwacheni awe mgeni." Nikacheka kwa sauti, nikamwambia Josefu, "Umesikia? Mimi hapo ni mtu wa kukirimiwa." Josefu akatazama kikombe chake.

Ijumaa iliyofuata nilipanda mapema, kabla ya jua kupata nguvu. Nilivua kanzu, nikabaki na fulana na kikoi, kitambi changu hiki chote nje. Tundu la mlango wa zamani lilikuwa bado halijazibwa. Nilimpokeza Josefu mawe mpaka viganja vikachubuka. Jiwe la mwisho nikamwomba niliweke mwenyewe. Nikaliweka, nikarudi nyuma, nikajisifu.

"Safi sana, Bwana Khamis," akasema.

Nassor, ilikuwa sauti yako. Ilikuwa ile ile ya "huo mlango wako." Nikamwambia, "Josefu, na wewe usinianze. Limekaaje?"

Akaliinamia, akafumba jicho moja, akasema, "Limepinda, mzee. Limepinda kabisa."

Tukalitoa. Tukaliweka tena mara tatu mpaka likakaa. Nilikuwa nimechoka na nimefurahi, sijui kwa nini, na machozi yakanitoka nikasingizia vumbi, mahali ambapo vumbi haliingii tena.

Basi pumzika, yakhe. Mungu akupanulie mahali ulipo, na upepo wa huko ukujie kwa kipimo. Nakuahidi kwamba Josefu sitomnunia tena, na yeyote atakayekuwa na neno zito la kunambia, ntakaa kimya mpaka alimalize. Ntajaribu. Wewe wanijua.

Na kwa kuwa nimetaka kuambiwa kweli, na mie niseme. Ufunguo sikupewa. Bi Rayya alimpa Josefu, mbele yangu, kwa wasia wako. Mfukoni mna funguo za gari. Kule kwako nikifika napiga hodi, nangoja nifunguliwe.

Khamis