Zisizo Namba

3 Februari

Mwanangu, mama yangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, ila mama yako na kile kikohozi chake. Mashine mpya ya eksirei imefika hapa kazini kwetu. Ni mimi niliyewaganda wakubwa wa hospitali mpaka wakakubali kununua hiyo yenye programu yenu. Niliwaambia picha ile kwenye skrini anayeichora ni binti yangu. Mama yako akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi nikunyamazie. Sikunyamaza.

Wa kwanza kusimama mbele ya mashine alikuwa mama yako. Daktari kasema mapafu safi, meusi yote, hewa tupu. Sasa niambie, wewe hasa unafanya nini huko? Wenzangu wananiuliza, nami nababaisha.

Baba yako

20 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kazi tu. Nimefurahi kusikia ya mama.

Kazi yangu ni kusafisha namba. Mashine inaleta kila nukta ya picha ikiwa desimali: sifuri ni giza, moja ni mwanga. Zipo korofi. Iliyoshuka chini ya sifuri naipandisha iwe sifuri, iliyopita moja naishusha iwe moja. Kisha nazidisha kwa mia mbili hamsini na tano na kuondoa desimali, maana skrini haijui nusu wala robo. Halafu zipo zisizo namba kabisa. Kipande cha kupokea mionzi kikifa, hesabu inakuwa sifuri kugawa kwa sifuri, na jibu halipo. Hizo nazifanya sifuri, zisilete fujo. Ni mstari mmoja tu. Waambie wenzako binti yako ni dobi.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Mama yako bado anakohoa, anasema kikohozi kimeshahamia na vyombo vyake.

Barua yako naisoma tena na tena. Hizo zisizo namba, ukizifanya sifuri, si zinakuwa nyeusi? Na pafu lenye afya nalo ni jeusi, mama. Enzi za chumba cha giza, filamu ikiharibika mahali tulipapiga msalaba mwekundu, daktari ajue hapa hatujaona kitu. Wewe msalaba wako uko wapi? Nijibu upesi.

Baba yako

2 Septemba

Baba, shikamoo.

Nimerudi salama kutoka kwenye mazishi ya mama. Kazini wamenipa pole, nikasema asante. Nakula, nalala. Sijalia bado. Nimekaa tu kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Barua yako ya Machi niliipata. Niliisoma, nikaona unasema kweli, nikaitia kwenye droo chini ya chaja. Tulikuwa tunakaribia kutoa toleo jipya na sikutaka kugusa kitu kinachofanya kazi. Msibani nilingoja uniulize. Hukuniuliza.

Jana nimeubadilisha ule mstari. Umechukua dakika nne. Zisizo namba sasa zitatoka zambarau, na programu mpya itafika kwenu wiki hii. Namba ghafi za picha ya mama ya Februari bado zimo ndani ya mashine. Ifungue tena, baba. Uniambie, usinifiche.

Mwanao

16 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Nyumba imekuwa kubwa.

Nimeifungua. Pafu la kulia, chini, kuna zambarau ya ukubwa wa harage. Ni pale pale yule daktari wa pili alipoweka kidole mwezi wa sita, akasema ugonjwa ulianzia hapo. Nilimuuliza kama kuonekana Februari kungesaidia. Akasema huenda. Nakuandikia kama alivyosema.

Sasa sikiliza la kwangu. Siku ile ya Februari, mahali pale palikuwa peusi kuliko pafu lenyewe. Hewa haiwi nyeusi hivyo, na mimi nalijua hilo kuliko daktari yeyote. Miaka thelathini na moja picha yenye shaka naipiga upya, hata mgonjwa akinuna. Mama yako alikuwa hajafunga vifungo. Akaniona nimeikodolea macho skrini, akauliza, "Nirudi nisimame?"

Nikamwambia avae tu, mashine ya binti yetu haikosei.

Ndiyo maana msibani sikukuuliza. Njoo ukipata likizo, tukae wote. Hiyo zambarau usiiondoe.

Baba yako