Spidi ya Kumbeba Rebeka

Jumapili, 2 Juni 2024

Niko Kiriba tangu jana, kwa dada Rebeka. Miguu imemvimba. Tumbo limeshuka – hata mimi nisiyejua mambo hayo naona. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, kwa hiyo huyu hawezi kuzaliwa hapa. Kliniki walimwambia, wakarudia. Lazima Musoma mjini. Na gari la wagonjwa liko gereji, hakuna anayejua litatoka lini.

Usafiri wake ni tela. Lile ambalo shemeji Jastin analifunga nyuma ya pikipiki kubebea dagaa. Ameliosha, ameweka godoro na turubai la kivuli. Ataondoka nalo Jumanne ya tarehe 11, wakasubirie mjini.

Nilimuuliza huwa anakwenda spidi gani.

"Inategemea mzigo unavyolia."

Wote wakacheka, Rebeka zaidi ya wote. Mimi sikuweza.

Jumanne, 4 Juni

Nilipanda nyuma ya Jastin akipeleka dagaa. Barabara kavu, vumbi tupu. Thelathini – kimya. Thelathini na tano – kimya. Arobaini, tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto. Nilihisi pikipiki yote inasukumwa kiunoni. Jastin hakugusa breki; aliachia mafuta taratibu mpaka likatulia. Hilo analijua.

Tukasimama. Magunia yote yalikuwa yamerundikwa nyuma.

"Naendaga hivyo ili pikipiki isichoke, shemeji."

Nikamwambia asogeze magunia mbele ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, yakandamize kidogo pale tela linapoungwa. Akasogeza huku ananung'unika. Arobaini – kimya. Arobaini na tano – kimya. Hamsini sikumruhusu. Tela halina breki yake; pikipiki peke yake ndiyo inayosimamisha vyote.

"Kumbe huko chuo mlikuwa mnasoma," akasema.

Nilifurahi kupita kiasi. Mwaka mzima natafuta kazi, halafu magunia ya dagaa yananifanya nijione mtu.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka na wazo baya. Uzito wa mtu uko kiwiliwilini. Nikaenda kuangalia godoro. Mto uko nyuma! Kichwa nyuma, miguu mbele. Rebeka na tumbo lake lote, nyuma ya ekseli. Ni yale magunia ya jana.

Nikahamisha mto. Mama Gaudensia, mama mkwe wake, alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ukasimama.

"Nani amekufa?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Katika nyumba hii mgonjwa anatoka miguu mbele, aende kwa miguu yake na arudi kwa miguu yake. Anayetanguliza kichwa ni marehemu. Mume wake alitolewa hivyo, kwa mlango huu huu.

"Unamlaza mkwe wangu kama maiti, halafu mimi nimpikie nani uji wa uzazi?"

Nilianza kusema habari za ekseli. Nikaacha. Nikarudisha mto.

Ijumaa, 7 Juni

Bunda na Jastin, kwa Faustine, fundi wa kuchomelea aliyeliunda tela. Nilimwomba aisogeze ekseli nyuma. Basi – kichwa kikae wanakotaka wenyewe.

Faustine alilizunguka, akalipiga teke tairi. Inawezekana. Ila ana mageti ya watu, tela libaki kwake mpaka Alhamisi.

"Na mke wangu akianza kabla? Nimbebe mgongoni?" Jastin.

"Tatizo sio ekseli, injinia," Faustine akaniambia. "Tatizo ni huyu. Anaendeshaga kama anafuata ng'ombe walioibiwa."

Tumerudi na tela lilivyo. Jioni nimechukua rangi ya kucha ya Rebeka, nikachora mstari mwekundu kwenye kioo cha spidi. Thelathini. Kichwa kikiwa nyuma, asivuke hapo. Jastin aliutazama mstari kama mtu aliyeandikwa usoni.

Najiuliza: nataka Rebeka awe salama, au nataka niwe nimesema kweli? Siku nyingine sioni tofauti. Hilo linanitisha.

Jumamosi, 8 Juni

Jambo la ajabu. Tulikuwa tunajaribu tena, gunia la mchanga likiwa mahali pa Rebeka. Mama Gaudensia akaja, akapanda tela, akaketi mbele kabisa, mgongo kwa dereva.

"Siku hiyo nitakaa hapa. Nimshike miguu."

Mama ni mnene hasa. Jastin akaondoa pikipiki. Nilitembea, nikakimbia, nikabaki nimesimama barabarani. Waliporudi Jastin alikuwa anacheka: arobaini na halikutikisika hata kidogo. Mama analalamika kwamba kiuno kimekwisha.

Hajui kwamba yeye ndiye jibu. Sijamwambia, Rebeka nimemwambia. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mdogo wangu, usimwambie. Atataka nauli."

Nimepumua leo. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 10 Juni

Mama Gaudensia yuko Butiama tangu jana. Msiba wa dada yake. Alisema atarudi leo jioni, Jumanne tuondoke wote.

Rebeka ameanza uchungu leo. Chupa ya uzazi imepasuka asubuhi hii akifua.

Ursula, mkunga jirani, akaja mbio. Anataka kukaa kichwani kwa Rebeka, amshike, amtazame. Kichwani ni nyuma. Watu wawili nyuma ya ekseli, na mbele hakuna kitu. Mimi mwembamba, siwezi kuwa Mama Gaudensia. Na watatu tela halibebi.

Kwa hali hiyo hata thelathini siiamini. Ishirini. Kwa ishirini watafika lini?

Nikasema tumgeuze. Kichwa mbele, Ursula mbele. Tela litatulia.

Jastin hakusogea. "Mama ataniuliza, shemeji. Nitamjibu nini?"

Rebeka ndiye aliyesema, meno yamebana: "Nigeuzeni. Mnanichelewesha."

Mto niliuhamisha mimi. Kwa mkono wangu.

Nilitaka kupanda nyuma ya Jastin. Kila kilo inayoongezeka inarefusha umbali wa kusimama – maneno yangu mwenyewe ya wiki nzima. Nikabaki. Nikamwambia thelathini na tano, mwisho. Akaitikia bila kunitazama. Mpaka kwenye kona ya kanisa nilikuwa naona unyayo mmoja wa Rebeka, umetokeza kwenye shuka, unanielekea mimi.

Kisha nikasikia mlio wa injini unapanda. Labda ni kilima. Baada ya kanisa pana kilima kidogo.

Mama Gaudensia amepiga sasa hivi. Habari zimemfikia, yuko Kiabakari, anatafuta gari.

"Amelazwaje?"

"Ameondoka salama, mama."

"Sijauliza hivyo."

Nikaibana simu sikioni. Naye hakukata. Nilikuwa nasikia magari ya huko yakipita, na yeye anapumua. Halafu simu ikakatika, salio lake au mtandao.

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama. Ulezi wake uko kwenye ungo, nusu umepepetwa. Nimerudia hesabu zote. Kwa thelathini na tano hawajafika hata nusu ya njia.

Simu inaita tena. Ni Jastin.